Mistari Myeusi Kwenye Paketi: Inasema Nini na Haisemi Nini



Somo la toleo hili lilianza na chupa za asali. Kuna kikundi cha akina mama upande wa Bomet, wenye mizinga karibu na ukingo wa msitu, ambao walikuwa wamechoka kuuza asali yao kwa ndoo kwa wachuuzi wanaopanga bei wapendavyo. Wakachanga pesa, wakanunua chupa safi zenye vifuniko, wakatengeneza lebo ya rangi nzuri, kisha wakapeleka chupa moja ya kuonyesha kwenye duka moja kubwa la kujihudumia mjini. Meneja alionja, akasifu. Halafu akaigeuza chupa huku na huku, akauliza, "Na bakodi iko wapi, mama?"

Wakarudi kwa mchapaji wa lebo. Yeye akasema hilo ni jambo dogo, anaweza kuwawekea bakodi siku hiyo hiyo kwa shilingi 500. Lebo 1,000 zikachapwa upya, na akina mama wakakaa kuzibandika hadi usiku. Siku ya kupeleka mzigo, mama mweka hazina alivaa nguo zake za Jumapili. Keshia akachukua chupa ya kwanza, akaipitisha kwenye mashine, ikalia tii! Kwenye kioo cha kompyuta pakatokea maneno: sabuni ya unga, gramu 500. Na bei ilikuwa ya sabuni.

Kumbe mchapaji alinakili ile mistari kutoka kwenye paketi ya sabuni iliyokuwa mezani kwake. Mzigo wote ukarudi nyumbani kwa matatu. Nilikuwa pamoja nao siku hiyo, na sikuwa na neno la kuwafariji, kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa mmoja wa wale waliosema, "Mistari ni mistari tu, wekeni yoyote." Basi nilienda kujifunza. Haya ndiyo niliyopata.

NI NAMBA, BASI

Mkishika jambo hili moja mmeshika nusu ya somo: bakodi ni namba iliyoandikwa kwa mistari. Haina bei ndani yake. Haina neno "asali". Haisemi kitu kitaharibika lini, wala haisemi kama ni kizuri au kibaya. Vitabu vingine huiita msimbo pau, lakini sisi tutasema bakodi kama watu wa dukani.

Mkulima wa chai anapaswa kuelewa jambo hili upesi kuliko mtu mwingine. Una namba yako ya mkulima. Ukipeleka majani kituoni yakapimwa, namba yako ndiyo inayoandikwa, na siku hizi katika vituo vingi mizani ya kielektroniki inakutolea kirisiti. Je, kilo zako ziko ndani ya namba? Hapana. Bonasi iko ndani ya namba? Hapana. Kilo ziko kwenye kumbukumbu za kiwanda, zimewekwa chini ya namba hiyo. Namba ni kama msumari ukutani, na kilo ndizo koti lililotundikwa. Tarakimu moja ikikosewa, kilo zako za asubuhi hiyo zimetundikwa kwenye msumari wa jirani. Ndiyo sababu tunawaambia kila mara: soma namba iliyo kwenye kirisiti ukiwa bado kituoni, si jioni ukiwa umeketi jikoni.

Dukani ni vivyo hivyo. Mashine inasoma namba na kuituma kwenye kompyuta ya duka. Kompyuta inatafuta katika orodha yake: namba hii ni ya nini? Ikiipata, inaleta jina na bei. Mashine ya keshia haikuiona asali ya akina mama, wala haikunusa. Iliona namba ya sabuni, ikasema sabuni.

Kutokana na hayo kuna jambo la kumfaa kila anayenunua. Bei unayolipa si ile iliyo kwenye rafu, ni ile iliyo kwenye kompyuta. Meneja akipandisha bei kwenye kompyuta na kijana wa rafu akasahau kubadilisha kile kikaratasi, utasoma bei moja na kulipa nyingine. Si lazima awe mtu amekusudia kuiba. Lakini pesa ni zako, kwa hiyo linganisha risiti na bei ya rafu kabla ya kutoka mlangoni, hasa kwa vitu vilivyoandikwa kwamba bei imepunguzwa. Zamani, wengi tunakumbuka, kila mkebe ulikuwa na kibandiko cha bei na keshia aliandika bei kwa vidole. Alikosea yeye, ulimwona. Siku hizi kosa limekaa ndani na halionekani.

Ziko bakodi za aina moja ambazo zinaweza kubeba bei au uzito ndani: zile zinazoanza na 2. Hizo duka lenyewe huzitengeneza kwa vitu vinavyopimwa hapo hapo, kama nyama au ndizi. Namba zinazoanza na 2 ni za ndani ya duka, na nje ya duka hilo hazina maana. Tutazirudia, kwa maana zinaweza kukusaidia.

MASHINE INASOMAJE?

Mwanzo wake ni Marekani. Mwaka 1948, katika mji wa Philadelphia, mwanafunzi Bernard Silver alimsikia mkuu wa kampuni moja ya maduka akiomba chuo kitafute njia ya kusoma bidhaa zenyewe kwenye kaunta. Alimwambia rafiki yake Norman Joseph Woodland. Woodland alikuwa amejifunza alama za Morse akiwa skauti, zile za nukta na kistari zilizotumika kupeleka simu za maandishi. Siku moja akiwa ameketi ufuoni huko Florida alichora nukta na vistari mchangani, kisha akavuta vidole kuelekea kwake. Nukta zikawa mistari myembamba na vistari vikawa mistari minene. Walipewa hati ya uvumbuzi mwaka 1952, lakini kompyuta na mwanga wa kusomea vilikuwa bado. Aina inayotumika madukani ilibuniwa baadaye na George Laurer wa kampuni ya IBM, na tarehe 26 Juni 1974, katika duka la Marsh mjini Troy, Ohio, keshia akapitisha kitu cha kwanza chenye alama hiyo: pakiti ya chingamu ya Wrigley. Ilichukua miaka 26 tangu wazo hadi chingamu. Kikundi chenye mradi wa miaka miwili kisikate tamaa.

Sasa tuangalie kazi yenyewe. Mnajua kwamba mtu aliyevaa nguo nyeusi juani huona joto kuliko aliyevaa nyeupe, na kwamba bati jipya linaumiza macho. Kitu cheusi hunywa mwanga, kitu cheupe huurudisha. Mashine ya dukani hutoa mwanga, kwa kawaida mwekundu, ukapita juu ya mistari. Kwenye mstari mweusi mwanga haurudi, kwenye nafasi nyeupe unarudi. Ndani ya mashine kuna kijicho kinachohisi: giza, mwanga, giza, mwanga. Ni kama mtoto anayekimbia akipitisha fimbo kwenye ua wa fito. Ukifumba macho unaweza kusikia fito nene na nyembamba, na mahali penye pengo kubwa.

Usidhani kwamba weusi tu ndio unaosomwa. Nafasi nyeupe nazo zinahesabiwa. Karibu kila tarakimu imepewa upana wa vipande saba vidogo, na ndani yake mna mistari miwili myeusi na nafasi mbili nyeupe. Kwa mfano, tarakimu 1 upande wa kushoto inaweza kuandikwa hivi: nyeupe vipande 2, nyeusi 2, nyeupe 2, nyeusi 1. Jumla 7. Tarakimu 0 ni nyeupe 3, nyeusi 2, nyeupe 1, nyeusi 1. Jumla 7 tena. Mistari miwili mirefu mwanzoni, miwili katikati na miwili mwishoni ni ya kuonyesha mipaka, kama nguzo za lango. Michoro ya tarakimu upande wa kushoto haifanani na ya upande wa kulia, na hapo ndipo mashine inapojua kwamba paketi imepitishwa juu chini, ikaisoma sawasawa hata hivyo.

Tarakimu zilizochapwa chini ya mistari ni kwa ajili yetu sisi. Mashine haizisomi. Mistari ikichanika, keshia anaziandika kwa mkono.

TARAKIMU YA MLINZI

Hapa ndipo darasa letu lilipopendezwa zaidi, na mzee mmoja ambaye aliachia shule darasa la nne ndiye aliyemaliza hesabu kwanza. Chukueni chaki.

Namba hii nimeitunga kwa ajili ya somo: 6161234500187. Ina tarakimu 13. Ya mwisho, 7, si sehemu ya namba ya bidhaa. Ni mlinzi. Inatokana na zile 12 nyingine kwa hesabu, na tarakimu moja kati ya hizo ikikosewa, mlinzi anakataa.

Fanyeni hivi. Wekeni ile 7 pembeni. Kutoka kushoto, jumlisheni tarakimu ya kwanza, ya tatu, ya tano, ya saba, ya tisa na ya kumi na moja: 6 + 6 + 2 + 4 + 0 + 1 = 19. Kisha jumlisheni zilizobaki, ya pili, ya nne, ya sita, ya nane, ya kumi na ya kumi na mbili: 1 + 1 + 3 + 5 + 0 + 8 = 18. Hii ya pili zidisheni kwa 3, mtapata 54. Changanyeni: 19 + 54 = 73. Sasa ulizeni: kutoka 73 hadi kumi inayofuata, yaani 80, tunahitaji ngapi? Tunahitaji 7. Mlinzi yuko mahali pake.

Tuseme keshia amechoka, badala ya 45 katikati ameandika 54. Rudieni hesabu: sasa jumla ni 71, mlinzi angepaswa kuwa 9, lakini ameandika 7. Kompyuta inakataa. Kuzidisha kwa 3 ndiko kunakoshika kosa la kubadilisha nafasi. Kama tungejumlisha tu bila kuzidisha, 45 na 54 zingetoa jibu moja.

Mlinzi naye husinzia. Tarakimu mbili zinazopishana kwa 5, kama 6 na 1, zikibadilishana nafasi hakuna anayejua. Jaribuni kuandika 16 badala ya 61 mwanzoni mwa namba yetu, mlinzi atabaki 7 vile vile. Na kuna jambo ambalo mlinzi hawezi kabisa: hajui kama namba ni yako. Namba ya sabuni iliyobandikwa kwenye asali ilikuwa sahihi katika hesabu zote, tarakimu 13 kwa 13.

616 NI NINI, NA CHAI YETU IKO WAPI?

Nani basi anagawa namba, zisigongane? Kuna shirika la kimataifa liitwalo GS1, lenye makao Brussels huko Ubelgiji, na katika nchi nyingi lina ofisi. Kwetu ni GS1 Kenya, iliyoko Nairobi. Kila ofisi ina tarakimu zake za kuanzia. Za Kenya ni 616. Tanzania ni 620, Misri 622, Afrika Kusini 600 na 601, Uingereza huanza na 50, Pakistan 896. Baada ya hizo zinafuata tarakimu za kampuni, kisha za bidhaa, halafu mlinzi.

Watu wengi hufundishana kwamba 616 maana yake ni "imetengenezwa Kenya". Si kweli, na kwa watu wa chai kosa hili ni kubwa. 616 maana yake ni kwamba mwenye namba alijiandikisha katika ofisi ya Kenya. Anaweza kuwa ameleta mchele kutoka ng'ambo akaufunga Nairobi, ukapata 616.

Sasa fuateni majani yenu. Yamechumwa asubuhi, yamefika kiwandani, tuseme Litein au Kapkatet au Mogogosiek au Kapkoros. Yakishakauka yanachambuliwa kwa madaraja, BP1, PF1 na mengineyo, yanatiwa kwenye magunia makubwa ya karatasi. Juu ya gunia kuna jina la kiwanda, daraja, namba ya shehena na uzito. Hapo bado tunajulikana. Gunia linashuka Mombasa kwenye mnada, linanunuliwa na mtu wa Pakistan, Misri au Uingereza. Huko linafunguliwa, linachanganywa na chai za nchi nyingine ili ladha ifanane mwaka mzima, linatiwa kwenye vipaketi vidogo. Na kipaketi kinapewa namba ya yule aliyekifunga. Kwa hiyo mtoto wako aliyeko London anaweza kunywa chai iliyotoka kwenye mlima wako, ageuze paketi, aone 50. Namba haikudanganya. Haikuulizwa majani yalitoka wapi, iliulizwa nani amefunga.

Namba hufuata aliyefunga paketi na kuiweka jina lake, na sehemu kubwa ya pesa anayolipa mnywaji hubaki kwake. Kenya huuza chai yake nyingi kwa magunia. Chai inayofungwa hapa hapa, kama ile ya Ketepa ambayo makao yake ni Kericho mjini, ni sehemu ndogo. Mkiwa na paketi kadhaa nyumbani zilizofungwa na kampuni mbalimbali, zipangeni mezani mtazame zinaanza na ngapi, kisha someni kwa maandishi ni nani aliyefunga na wapi. Maandishi ndiyo yanayosema asili ya kitu. Kama hayapo, mistari haitawasaidia.

KIKUNDI KIKITAKA BAKODI YAKE

Kwanza jiulizeni kama mnaihitaji. Bakodi ni takwa la maduka makubwa. Sokoni, kanisani, kwenye kioski, kando ya barabara ya lami, hakuna anayeiuliza. Kikundi kinachouza chupa 40 kwa mwezi kwa majirani hakina haja ya kuingia gharama hiyo. GS1 Kenya hutoza ada ya kujiunga na ada ya kila mwaka, kwa hiyo pigeni simu mwulize ada ya sasa, gawanyeni kwa chupa mnazotarajia kuuza kwa mwaka, mwone kila chupa itabeba shilingi ngapi. Kama jibu linawatia hofu, subirini.

Kuna njia ya katikati. Mwambieni meneja wa duka awape namba ya ndani, ile inayoanza na 2. Maduka mengine hukubali kubandika vibandiko vyao wenyewe. Itasomeka kwenye duka hilo peke yake, lakini mtakuwa mmejua kama asali yenu inatoka kwenye rafu au inakaa hadi iwe mawe.

Mkiamua kujiandikisha, nendeni kwenye ofisi yenyewe, mkiwa na karatasi za usajili na PIN ya KRA. Msinunue namba kwa mtu wa mjini, wala kwenye mtandao ambako watu huuza namba zilizosajiliwa zamani kwa jina la kampuni nyingine. Duka likichunguza litaona jina ambalo si lenu. Na kila ukubwa unahitaji namba yake: chupa ya gramu 250 ina yake, ya gramu 500 ina yake. Mkipandisha bei hamhitaji namba mpya, kwa maana bei haimo. Mnaona sasa faida ya kuelewa lile jambo la kwanza?

Tena, bakodi si alama ya ubora. Ile ya KEBS ni nyingine kabisa, ina masharti yake na namba yake ya kibali, na chakula cha kufungwa kinaihitaji. Nimekutana na mtu aliyedhani akishapata mistari amemaliza. KEBS wana utaratibu kwa wafanyabiashara wadogo, ulizeni.

Halafu kuchapa. Hapa vikundi vingi hupoteza pesa. Ukubwa wa kawaida wa bakodi pamoja na nafasi zake za pembeni ni kama milimita 37 kwa 26. Inaweza kupunguzwa hadi asilimia 80, isizidi hapo. Pande zote mbili lazima kuwe na nafasi tupu, karibu milimita 4 kushoto na zaidi ya 2 kulia. Wachapaji hupenda kuijaza nafasi hiyo kwa maua na picha za nyuki. Wakatazeni. Mashine ikikosa nafasi tupu haijui mistari inaanzia wapi.

Rangi nayo. Kumbukeni mwanga wa mashine nyingi ni mwekundu. Mistari myekundu kwenye karatasi nyeupe inarudisha mwanga sawa na karatasi, kwa hiyo mashine inaona weupe mtupu, ingawa wewe unaiona vizuri. Mistari myeusi juu ya kijani kibichi, rangi ambayo sisi watu wa chai tunaipenda mno, mashine inaona giza tupu. Nyeusi juu ya nyeupe haikosi. Juu ya manjano pia inasomeka. Lebo ya kioo, inayopitisha mwanga, haifai kwa asali, kwa maana asali iliyo nyuma inageuka kuwa giza. Wekeni weupe chini ya mistari.

Kwenye chupa ya mviringo, lazeni mistari iwe kama vidato vya ngazi, si kama fito za ua. Ikisimama, ile ya pembeni inapinda kufuata chupa na mashine haiioni yote. Kabla ya kuchapa lebo elfu, chapeni tano, bandikeni kwenye chupa zilizojaa, mwende dukani mwombe keshia ajaribu wakati hakuna foleni.

PENGINE PANAPOTUMIKA

Geuzeni kitabu cha shule. Bakodi yake inaanza na 978, ambayo si nchi, ni alama ya vitabu ulimwenguni. Kikiwa cha mchapishaji wa Kenya mara nyingi kinafuatia 9966. Biblia na vitabu vya nyimbo ni hivyo hivyo. Mahospitalini hubandika mistari kwenye vichupa vya damu vinavyopelekwa maabara ili majina ya watu yasichanganyike, na mgonjwa ana haki ya kuuliza kama kibandiko ni chake kabla kichupa hakijaondoka mbele yake.

Zile alama za miraba midogo midogo, kama kitambaa kilichofumwa vibaya, ni ndugu mdogo. Huitwa QR. Zilitengenezwa Japani mwaka 1994 na kampuni ya Denso Wave, chini ya Masahiro Hara, kwa ajili ya vipuri vya magari. Bakodi ya dukani inabeba tarakimu 13, hii inaweza kubeba tarakimu 7,089, au maneno. Miraba mitatu mikubwa pembeni inaonyesha upande wa juu. Mnaiona kwenye risiti za kodi za KRA, na GS1 imeweka mwaka 2027 kuwa lengo la mashine za madukani kuweza kuisoma pamoja na mistari ya kawaida. Kwa sababu inabeba maneno, inaweza pia kubeba anwani ya mtandao, hata ya mwizi. Usielekeze simu yako kwenye kibandiko kilichobandikwa juu ya kingine.

Kuhusu akina mama wa asali: mzigo ule uliuzwa kwenye soko na baada ya ibada, kwa bei nzuri kuliko ya ndoo. Lebo zilizobaki wanakata sehemu ya mistari kwa mkasi, mmoja mmoja, wakiwa kwenye mkutano wa Alhamisi. Mchapaji amekubali kurudisha zile shilingi 500, ingawa hajasema lini. Hesabu ya ada kwa kila chupa iko ubaoni, na kikundi bado hakijapiga kura.

ZOEZI LA KIKUNDI

Kila mmoja alete kutoka nyumbani kitu kimoja chenye mistari: chai, chumvi, sabuni, daftari. Tafuteni tarakimu za mwanzo na mseme ni ofisi gani iliyotoa namba. Kisha mmoja afunike tarakimu ya mwisho kwa kidole, wengine waihesabu. Halafu jaribuni hii, ambayo pia nimeitunga: 616987000025, na ya kumi na tatu imefichwa.

Jibu: 22, na 22 mara 3 ni 66, jumla 88. Mlinzi ni 2.